Altezza au Lexus: nembo mbili, injini tatu na barabara moja ya Nchelenge

Barabara ya lami inayotoka Mansa kwenda Nchelenge, nchini Zambia, haikujengwa kwa ajili ya gari la kasi. Kuanzia Mwense, kupita Mwansabombwe na ziwa dogo la Mofwe, hadi Kashikishi kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, kijiji kinafuata kijiji karibu bila kuachana. Nyumba zimeelekea lami, na lami yenyewe ni ya wote: baiskeli zilizobeba magunia ya samaki wadogo wa chisense, mbuzi, watoto wanaotoka shule, kina mama na mabeseni ya samaki aitwaye pale kichwani. Ukisema huku unataka gari lenye nguvu farasi mia mbili, wazee watakuuliza unakwenda nalo wapi. Magari hayo yanakuja hata hivyo. Bei zake zimeshuka kwa kuwa ni ya zamani, njia ya kuyaleta iko wazi, na kijana aliyeuza samaki vizuri msimu mzima hana sababu ya kuota gari la baba yake. Hapo ndipo linapozuka swali linalobishaniwa kuanzia Tunduma hadi Lusaka: uchukue Toyota Altezza, au ujikaze kidogo uchukue Lexus IS?

Wengi huliona swali hili kama la mfuko. Lexus ni la mwenye nazo, Altezza ni la anayejikuna pale mkono unapofika. Naona limewekwa vibaya tangu mwanzo. Haya si magari mawili. Ni gari moja lililouzwa kwa majina mawili, na tofauti zinazomgusa mnunuzi wa Nchelenge haziko kwenye nembo ya mbele. Ziko chini ya boneti, na katika nchi ambako gari lilitumika kabla ya kupakiwa melini.

Lexus ilianzishwa na Toyota mwaka 1989 kwa ajili ya Wamarekani waliokuwa na fedha lakini hawakuwa tayari kulipa fedha ya Mercedes kwa jina la Toyota. Japani kwenyewe jina hilo halikuwako hadi 2005. Kwa hiyo Toyota ilipotoa sedani ndogo inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, Oktoba 1998, chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, Wajapani waliuziwa gari hilo kama Toyota Altezza kwenye maduka ya Netz. Mwaka uliofuata Ulaya ikaipata kama Lexus IS200, na mwaka 2000 Marekani ikaipata kama Lexus IS300. Altezza lilichukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani kwa msimu wa 1998–1999. Taa zake za nyuma, zenye vikombe vyekundu ndani ya kioo cheupe, zikaigwa dunia nzima. Hata leo kuna Corolla za watu zenye taa za kubandika za mtindo huo. Ndani, mshale wa mwendo umezungukwa na mishale midogo kama uso wa saa ya mkononi. Mwaka 2005 Lexus ilipofunguliwa rasmi Japani, Altezza likafa, na gari lililofuata likaitwa Lexus IS kila mahali.

Sasa tuje kwenye injini, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha.

Ziko tatu. Ya kwanza ni 1G-FE, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 1988, nguvu farasi kati ya 155 na 160. Hii imo kwenye Altezza AS200 na kwenye Lexus IS200 la Ulaya, yaani ni ileile pande zote mbili. Ya pili ni 3S-GE, silinda nne, cc 1998, ile ambayo mashabiki huiita Beams. Katika familia hii imo kwenye Altezza RS200 peke yake. Ikiwa na gia ya mkono ya hatua sita inatoa farasi 210, lakini inazitoa kwenye mizunguko 7600 kwa dakika, ikiwa na vali za titani na mgandamizo mkubwa ndani ya silinda. Ya tatu ni 2JZ-GE, silinda sita, cc 2997, zaidi ya farasi 210, na nguvu yake huanza kusikika chini kabisa. Hii imo kwenye Lexus IS300, na kwa upande wa Toyota imo kwenye Altezza Gita AS300 tu, lile gari lenye mgongo mrefu na mlango wa tano lililotoka 2001. Sedani ya Altezza haikuwahi kuuzwa na injini ya lita tatu.

Ukilitazama hivyo, mabishano ya nembo yanapungua uzito. Anayelinganisha AS200 na IS200 analinganisha injini moja na injini hiyohiyo. Anayetaka RS200 hana Lexus la kulilinganisha nalo. Na anayetaka sedani ya lita tatu yenye usukani wa kulia hana Toyota. Lazima atafute Lexus, na kwa kawaida litakuwa limetoka Uingereza.

Niseme jambo ambalo wauzaji hawapendi lisemwe: lenye 1G-FE si gari la kasi. Lina sura ya kasi, siti za kasi, gia fupi inayoingia kwa raha mkononi, na usukani mwepesi unaoitikia. Lakini IS200 lenye gia ya mkono huhitaji takriban sekunde 9.5 kufika kilomita 100 kwa saa, na kuna Mark II za kawaida zinazoliacha nyuma bila kelele. Mwenye IS200 akikukuta Kashikishi akakuambia limeandikwa Lexus, mwambie mwenzake aliyepaki pembeni ana AS200 na wote wawili wana farasi walewale.

RS200 ndilo lenye mbio za kweli kwenye karatasi. Tatizo ni mahali. Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na Lusaka iko karibu mita 1,280. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Zile 210 za Japani huku zinakaribia 190, hata kabla hujahesabu miaka zaidi ya 20 ya kuchakaa. Na hizo 190 utazipata ukiikanyaga hadi mshale upite 7000. Kwenye barabara yenye matuta kila kijiji, dereva wa RS200 anatembelea sehemu ya injini ambayo wahandisi hawakuishughulikia sana. Chini ya mizunguko 4000 injini hiyo haina haraka.

Halafu kuna mafuta. 3S-GE ilitengenezwa kunywa petroli ya daraja la juu la Japani, ile ya okteni inayokaribia 100. Vituo vya huku havikupi nafasi ya kuchagua namna hiyo. Hewa nyepesi ya nyanda za juu husaidia kidogo, maana mgandamizo halisi ndani ya silinda unapungua na injini haigongi kirahisi kama ingekuwa Dar es Salaam. Lakini joto la Oktoba kandokando ya ziwa linarudisha sehemu ya hatari hiyo. Sensa ya kugonga itarudisha moto nyuma ili kuilinda injini, na kwa kufanya hivyo itakunyang'anya nguvu uliyoilipia. Zaidi ya hapo, kwenye miji ya uvuvi petroli huhifadhiwa pia kwenye madumu kwa ajili ya injini za boti, na injini za boti za mtindo wa zamani hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ukiishiwa njiani ukanunua ya dumu, nusa kwanza, na imwage kidogo kwenye chupa nyeupe uitazame rangi. Injini ya 1G-FE inaweza kukusamehe kosa moja la namna hiyo. Beams sina uhakika nayo.

Spea ndizo zinazoamua zaidi kuliko farasi. 1G-FE ni injini ya watu. Imo kwenye Mark II za GX100 na GX110, kwenye Chaser na Cresta, kwenye Crown. Yaani nusu ya sedani za Kijapani za zama zile ambazo fundi wa Mbeya au wa Kasama amezifungua tangu akiwa tingo. Plagi, koili, sensa ya oksijeni, radieta, mkanda wa taimingi, vyote vinapatikana Ilala jijini Dar es Salaam, na Lusaka vilevile, na fundi hahitaji kuambiwa boliti iko wapi. 2JZ-GE nayo si mgeni, maana imo kwenye Crown, Aristo na Mark II za lita tatu. Lakini 3S-GE ya Altezza, ingawa jina la 3S limeenea kwenye Toyota nyingi, ina kichwa chake, vali zake na mifumo miwili ya VVT-i ambayo haiingiliani na 3S ya kwenye RAV4 ya jirani. Kifaa kikikufia Nchelenge, utasubiri. Anayekaa Lusaka au Kitwe anaweza kuvumilia kusubiri. Mfanyabiashara wa samaki ambaye mzigo wake unaoza hana siku za kusubiri.

Spea za mwili ni hadithi nyingine, na hapa ndipo nembo inapokuuma kwa namna isiyotarajiwa. Bampa, taa, milango na vioo vya Altezza na IS karibu vyote vinaingiliana. Lakini ukienda dukani ukitaja Lexus, bei hupanda kabla muuzaji hajainuka kwenye kiti. Taja Altezza, chukua kifaa kilekile, nenda ukafunge.

Udhaifu wa magari yote mawili ni mmoja, na kila mnunuzi aukague kabla ya kupeana mikono: boli jointi za chini za mbele. Zikiisha, gurudumu linaweza kukunjika lenyewe, na likikunjika kwenye mwendo hakuna cha nembo. Gari linyanyuliwe kwa jeki, gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, punguza bei au ondoka. Matuta ya bonde la Luapula hayana huruma na kifaa hicho, wala na gari ambalo uvungu wake uko chini ya sentimita 15 kutoka ardhini. Rimu za inchi 17 zenye matairi ya 215/45 ni nzuri kwenye picha, ila ukuta wa tairi ni mwembamba mno. Shimo moja usiku, rimu imepinda. Mimi ningetafuta rimu za inchi 16 na tairi nene kabla sijanunua hata redio. Na ukipita Nchelenge kwenda Puta na Chienge, upande ambao kwa miaka mingi vumbi na changarawe ndivyo vilivyokuwa barabara, gari hili liache nyumbani.

Njia ya gari kufika huku nayo ina mengi ya kusema. Altezza hutoka kwenye minada ya Japani, hushuka bandari ya Dar es Salaam, kisha huendeshwa hadi Tunduma kama gari la IT, yaani gari la kupita tu kwenda nchi jirani. Ni zaidi ya kilomita 900 mikononi mwa dereva ambaye analipwa kwa safari na anataka kurudi haraka kuchukua jingine. Ukimpa dereva wa IT Vitz, atakimbia. Ukimpa RS200 ya gia sita, wewe fikiria mwenyewe mlima wa Kitonga. Ndiyo maana gari lililofika Nakonde, ng'ambo ya mpaka, jana likiwa linang'aa linastahili kukaguliwa klachi, breki na joto la injini, hata kama karatasi ya mnada inasema daraja la nne na nusu. Gari lililokaguliwa Yokohama halikukaguliwa Tunduma.

Lexus la Uingereza lina faida yake, na ni faida ambayo sijaona madalali wakiitangaza. Huko kila gari lenye umri wa miaka mitatu na zaidi hupimwa kila mwaka, na matokeo ya vipimo hivyo tangu 2005 yako wazi mtandaoni bila malipo. Unaweka namba ya usajili ya Uingereza, unaona kilomita, au tuseme maili, za kila mwaka, na kila kilichofeli. Dalali wa Tunduma akikuambia, "Kaka, hii imetembea kidogo sana, ya mama mmoja mzee wa London," wewe muombe namba ya zamani, ukae chini ya mwembe na simu yako dakika tano. Mama mzee anaweza kugeuka kuwa dereva wa teksi. Ubaya wa Uingereza ni chumvi. Hunyunyizwa barabarani majira ya baridi ili barafu isishike, na kwa miaka 20 huila chuma kuanzia chini. Lala chali chini ya gari, gonga kingo za milango na mahali sabufremu inapofungwa. Vipande vya kutu vikikudondokea usoni, umeshapata jibu. Gari la Japani lililotumika Hokkaido linaweza kuwa na ugonjwa huohuo, lakini lililotumika Osaka au Kyushu huwa safi uvunguni.

Kuna vitu vidogo pia. Redio ya Altezza imetengenezwa kwa masafa ya Japani, yanayoanzia megahezi 76, na bila kubandikwa kifaa cha kubadili masafa utakosa stesheni nyingi za Zambia. Lexus la Uingereza linazishika bila shida. Lakini Lexus hilohilo linasoma mwendo kwa maili: mshale ukiwa kwenye 80, unakwenda karibu kilomita 129 kwa saa, na trafiki wa Mwense hatakusikiliza ukimweleza habari za maili.

Tahadhari nyingine ni Lexus ambalo si Lexus. Kubandika herufi L kwenye Altezza ni kazi ya bei ya soda mbili, na kuna watu wameuziwa hivyo kwa bei ya juu. Namba ya chesisi haidanganyi. Altezza lina namba fupi ya Kijapani inayoanza na GXE10 kama lina injini ya 1G, SXE10 kama ni RS200, na JCE10 kama ni Gita ya lita tatu. Lexus lililouzwa nje lina namba ndefu ya tarakimu na herufi 17, ikianza na JTH. Fungua boneti, tazama ukuta unaotenganisha injini na abiria, soma.

Kodi haitofautishi nembo. Mamlaka ya Mapato ya Zambia huangalia aina ya bodi, ukubwa wa injini na umri wa gari, na haya yote yamepita miaka mitano zamani. Kodi ya hewa ukaa nayo hupanda kwa ngazi za injini, 1500, 2000 na 3000. Angalia zile cc tena: 1988, 1998, 2997. Zote zimesimama hatua moja tu chini ya ngazi. Si bahati, Japani nayo hutoza kodi ya gari ya mwaka kwa ngazi za cc 500, na wahandisi wake hupima injini huku wakitazama kodi. Kwa hiyo 1G na 3S ziko kundi moja, na 2JZ iko kundi la juu yake. Upande wa Tanzania mantiki ni hiyohiyo, ushuru wa bidhaa hupanda injini ikizidi cc 2000, na juu yake kuna nyongeza ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka minane. Kenya ilishafunga mlango: gari lililozidi miaka minane haliingii, kwa hiyo Altezza unazoziona Nairobi ni zile zilizoingia zamani na zinauzwa na kuuzwa tena. Uganda ikaweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Zambia na Tanzania zimebaki na mlango wazi, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini mjadala huu umehamia kusini.

Kwa mtu wa Nchelenge ambaye gari lake lazima lifanye kazi, chaguo langu ni lile ambalo halitajwi kwenye mabishano: Gita AS300. Ni nembo ya Toyota, injini ya 2JZ, otomatiki ya hatua tano, siti za nyuma zinalala, na boksi la samaki lenye barafu linaingia. Litakunywa mafuta, sikatai. Lakini nguvu yake iko chini, pale dereva anapoihitaji akitoka kwenye tuta au akipita lori la mchanga, na fundi wa Crown anaijua injini hiyo. Harufu ya pale ikishaingia kwenye kapeti haitoki, hata ukiliosha kwa sabuni gani. Likubali hilo mapema. Lipo pia linalosukumwa na magurudumu yote manne, JCE15, na wapo watakaokuambia litapita mchanga wa ufukweni Kashikishi. Halitapita. Uvungu ni uleule.

Asiyetaka mgongo mrefu atafute IS300 la Uingereza lenye historia safi ya vipimo. Mwenye bajeti ndogo achukue 1G, na kati ya AS200 na IS200 achukue lenye uvungu mzuri zaidi, asiangalie nembo kabisa. RS200 nawaachia wa Lusaka, ambao mwishoni mwa Julai huja nazo Mwansabombwe kwenye sherehe ya Mutomboko ya Mwata Kazembe, wakazingurumisha, wakarudi zao.

Vijana wenye fedha zaidi wameshahama kutoka swali hili kwenda kwa wadogo wa magari haya: Toyota Mark X na Lexus IS250. Undugu ni uleule. Yote mawili yana 4GR-FSE, V6 ya cc 2499, yenye mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na yanasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mark X ni pana, watu wazima watatu wanakaa nyuma bila kugombana. IS250 ni finyu nyuma lakini limekaza barabarani. Injini hiyo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, jambo linaloleta nguvu na uchumi, ila petroli haipiti tena kwenye vali za kuingizia hewa ili izisafishe. Masizi hujikusanya, injini ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama, na fundi asiyejua atakubadilishia plagi tatu bure. Hapa kwa mara moja nembo ina maana. Mark X ya kizazi cha pili, GRX130, iliyotoka 2009, ilipunguziwa nguvu hadi farasi 203 ili inywe petroli ya kawaida, wakati IS250 liliendelea kudai petroli ya juu. Kwa vituo vya Luapula, farasi hizo 12 zilizotolewa ni punguzo ninalolikubali kwa mikono miwili.

Wapo pia ndugu wawili, Toyota 86 na Subaru BRZ, waliozaliwa 2012 kwenye kiwanda cha Subaru pale Ota, baada ya Toyota kununua hisa katika kampuni hiyo mwaka 2005. Tofauti yao ni ugumu wa springi na mpangilio wa taa. Milango miwili, siti za nyuma za mapambo. Kwa Nchelenge hilo halihitaji uchambuzi.

Neno la bei. Uvuvi Ziwa Mweru hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Fedha mjini hukauka. Mwenye Altezza aliyelinunua kwa mbwembwe mwezi wa Agosti, ada za shule zikimgonga mlangoni Januari, huanza kupokea simu alizokuwa hapokei. Huo ndio wakati wa kwenda kutazama, injini ikiwa baridi, asubuhi, kabla hajaliwasha. Muulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na uone risiti. Injini zote tatu za kizazi kile zina mkanda, nao hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hana risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na ukate gharama hiyo kwenye bei palepale mbele yake.